Alama za Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshindwa na alama moja. Moja tu! Miaka thelathini na minne nimepiga chapa — barua za mabosi, mikataba, hukumu za mahakama, mihtasari ya vikao vya watu wanaopenda kujisikia wakiongea — na leo kialama cha kipeuo, kile kama mlango wenye paa refu, kimenikalisha tangu saa tatu asubuhi mpaka wifi alipoita chakula.

Nijieleze, maana daftari hili ni jipya, na nikilisoma mwakani nitakuwa nimesahau. Mdogo wangu ni mwalimu wa hesabu. Kila mtu anamwita Mwalimu, hata mimi dada yake. Mwezi wa kumi na moja alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umekufa. Mdomo umekwenda upande. Akili ipo — daktari ametuambia mara mbili, akili ipo. Kabla ya hapo alikuwa anaandika kitabu cha hesabu kwa ajili ya watu wanaoogopa hesabu. Sura tisa ameziandika kwa mkono wake, kalamu ya bluu, madaftari makubwa manne. Sura ya kumi iko kichwani mwake. Mhariri anakitaka kitabu kizima, kimechapwa kwenye kompyuta, ifikapo tarehe nne Aprili. La sivyo nafasi anapewa mwingine.

Nani achape? Wote wakanigeukia. Dada kastaafu, dada ana vidole.

Vidole ninavyo. Hesabu sina. Nilitolewa shule darasa la sita, mama alipougua na akahitajika mtu wa kukaa naye. Yeye akaendelea. Sikumlaumu na sijamlaumu. Lakini leo nimeitazama skrini nikajiona nimerudi darasani, wenzangu wote wanaandika na mimi nimeshika kalamu tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia binti yao, Mwalimu na wifi. Ni muuguzi, yuko mbali, ananifundisha kwa simu kati ya mgonjwa na mgonjwa.

"Shangazi, umeona pale juu? Bonyeza pa kuingizia vitu."

"Nimebonyeza."

"Umeona nini?"

"Nimeona picha ya mti."

"Siyo hapo, shangazi. Ngoja — kuna mtu ananiita." Kimya dakika kumi. Mimi na picha ya mti.

Mwisho nimeelewa kwamba njia ni mbili. Ya kwanza: kisanduku cha milinganyo. Unafungua kisanduku, ndani yake kuna vijisanduku, unaandika kila kitu kwenye chumba chake. Nimejaribu. Nimeweka kipeuo, nimeandika 9 ndani yake, nikaendelea na maneno — na maneno yote yakaingia chini ya paa! "Kipeuo cha pili cha tisa ni tatu na kila mwanafunzi anapaswa kukumbuka", yote hayo yamejibanza ndani ya kipeuo kama watu wanaojikinga mvua. Nikajaribu kutoka. Sikutoka. Nikafuta, kikafutika na nilichoandika jana.

Njia ya pili: jedwali la alama. Unaokota alama moja moja kama kuchambua mchele, unaiweka. Ni ya polepole lakini haikufungii ndani. Nimechagua jedwali.

Alhamisi, 6 Machi

Kompyuta hii inajifanya inajua kuliko mimi. Nikiandika x mwanzoni mwa mstari inaipandisha iwe herufi kubwa. Nikiandika c ndani ya mabano inaibadilisha kuwa kialama cha haki za mwandishi. Na alama ya kutoa! Ikifika mwisho wa mstari inabaki huku, namba yake inakwenda kule chini, peke yake, imegeuka chanya. Mtu atasoma tano badala ya hasi tano. Nimeikamata mara nne. Ambazo sikuzikamata sijui ni ngapi.

Kwenye mashine ya zamani, ulichobonyeza ndicho ulichopata. Ukikosea, umekosea wewe.

Jumatatu, 10 Machi

Tumepanga hivi: saa tatu mpaka saa nne asubuhi, mdomo wake ukiwa haujachoka, ananisomea sura ya kumi kutoka kichwani. Baada ya hapo yeye anapumzika, mimi nachapa madaftari.

Leo tumegombana! Mimi na mtu asiyeweza kugombana.

Kipeo na kipeuo. Kipeo cha pili ni namba ikijizidisha yenyewe — tatu inakuwa tisa. Kipeuo cha pili ni kurudi ulikotoka — tisa inakuwa tatu. Kitu na kinyume chake, na tofauti yake ni herufi moja katikati, na herufi hiyo ndiyo mdomo wake hauwezi kuitoa. Anasema "kipe-o." Naandika kipeo. Anatikisa kichwa. Naandika kipeuo. Anatikisa kichwa. Kumbe alikuwa ameshapita, yuko kwenye neno linalofuata!

Nikamwambia, nani aliyewapa hawa majina, hakuwa na ndugu mgonjwa?

Akacheka. Sauti imetoka kama mlango unaokwaruza sakafu, mate yakamtoka, lakini kacheka. Mara ya kwanza tangu Novemba. Wifi kaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani kuna jambo.

Sasa tuna lugha yetu. Kidole cha kushoto juu: kipeo. Kidole chini: kipeuo.

Ijumaa, 14 Machi

Siku nzima kwa mstari mmoja.

Ni ile kanuni kubwa, ya milinganyo ya kipeo cha pili. Mwalimu anasema — kwa nusu saa amesema — bila hii sura ya kumi haipo. Ina sehemu, juu na chini. Juu kuna hasi b, kisha alama ya jumlisha-au-toa, kisha kipeuo, na ndani ya kipeuo kuna b yenye mbili begani, toa nne a c. Chini kuna 2a. Ndani ya kitu kuna kitu, na ndani yake kuna kitu kingine.

Jedwali la alama halikufaa. Paa la kipeuo linafunika herufi moja tu, b inapata hifadhi, wengine wote wamelowa. Ikabidi nirudi kwenye kile kisanduku kilichonifungia wiki ile. Nimeanza mara kumi na moja. Mara ya saba nilikuwa karibu, nikabonyeza kitufe kimoja, mbili ya begani ikashuka ikawa b2. Nimeshika kichwa.

Saa kumi na nusu jioni — imekaa! Yote, kila mmoja chumbani kwake! Nimegeuza kompyuta aione. Ameitazama muda mrefu. Kisha amenyoosha mkono wa kushoto akaugusa mkono wangu, pale kwenye vifundo.

Nimetuma sura tano na mstari huo kwa mhariri, aone kazi inakwendaje.

Jumatatu, 17 Machi

Mhariri amepiga simu. Mwanamke, anaongea harakaharaka lakini kwa adabu.

"Mama, huku naona vimraba vitupu tu."

"Vimraba gani?"

"Kila penye alama kuna kimraba. Kipeuo, kimraba. Kubwa kuliko, kimraba. Ukurasa wa kumi na mbili nimehesabu arobaini na kitu."

Binti yao kanieleza jioni: zile alama nilizookota kwenye jedwali zilikuwa za fonti iliyomo kwenye kompyuta yetu tu. Kompyuta ya mhariri haina fonti hiyo, na isichokijua inakiwekea kimraba. Kanuni yangu ya Ijumaa peke yake ndiyo iliyofika salama, kwa sababu niliijenga kwenye kisanduku.

Kwa hiyo ni kurudia. Sura tano, kila alama, kwenye visanduku. Na nne zilizobaki. Siku kumi na nane.

Mwalimu aliponiuliza kwa macho, nimemwambia wamefurahi sana.

Alhamisi, 20 Machi

Sura mbili zimerudiwa. Mgongo!

Kuna jambo la ajabu. Mara ya kwanza nilikuwa nachapa michoro tu — ndoano, vijiti, vitone. Sasa narudia, na vitu vinaanza kusema. Sura ya pili ameandika hivi, kwa sauti yake kabisa, namsikia: "Ukipata jawabu, usiliamini. Lirudishe lilikotoka, ulipime. Likikataa, huna jawabu." Mara ya kwanza niliyachapa maneno haya bila kuyasikia. Leo nimeyasikia. Nikachukua penseli, nikachukua swali la kwanza, nikalirudisha jawabu lake mahali pa x. Likatoka sufuri!

Nikafanya la pili. Sufuri. La tatu. Nimefanya tisa. Uji umepoa mezani.

Miaka hamsini na minane ninayo, jamani.

Jumapili, 23 Machi

Nimeziacha sura za kati kwanza, nimeanza sura ya tisa, iliyomo kwenye daftari la nne. Zoezi la kwanza kabisa, swali la kwanza: x ya kipeo cha pili, toa 6x, jumlisha 8, ni sawa na sufuri. Jawabu alilolipa: hasi mbili, au hasi nne.

Nikapima, kwa raha zangu tu, kama mtu anayekula karanga. Hasi mbili mahali pa x. Nne, jumlisha kumi na mbili, jumlisha nane. Ishirini na nne.

Siyo sufuri.

Nikajua nimekosea kupima. Nikarudia. Ishirini na nne. Nikajua basi nimekosea kuchapa. Nikafungua daftari. Bluu kwenye nyeupe: toa 6x. Hasi mbili, au hasi nne. Nilichapa kilichoandikwa. Nikajaribu mbili ya kawaida, isiyo na hasi: nne, toa kumi na mbili, jumlisha nane. Sufuri. Nne ya kawaida — sufuri.

Jawabu la Mwalimu siyo sahihi.

Hilo haliwezekani. Huyu mtu alikuwa akisahihisha risiti dukani.

Jumanne, 25 Machi

Siyo moja. Nimepima daftari la nne lote. Makosa ishirini na saba. Yote ya namna moja: alama za jumlisha na toa zimebadilishana viti, swali na jawabu haviafikiani. Sura nane za kwanza hakuna hata moja. Nimezipima!

Na yeye ana mazoea ya kiualimu, kila ukurasa anauwekea tarehe juu pembeni. Kosa la kwanza: tarehe tisa Oktoba. Kabla ya siku hiyo hakuna kosa. Baada ya siku hiyo, mawili kwa ukurasa, matatu. Kiharusi kilikuja Novemba katikati.

Wifi alikuwa anaanika nguo uani. Nimemfuata. Nimemuuliza mwezi wa kumi Mwalimu alikuwaje.

Akaning'iniza shuka, akalinyoosha, akalinyoosha tena.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Wifi, wewe huulizi tu." Kisha akasema akiwa bado kanipa mgongo: kulikuwa na asubuhi alivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, akatoka nacho. Akarudi mchana analalamika mguu unauma. Walicheka wote wawili. Siku nyingine alimwita yeye wifi kwa jina la marehemu mama yetu. Walicheka tena.

"Nilimwambia twende hospitali. Akasema amalize sura kwanza." Akageuka. "Sikumlazimisha. Umekuja kuniambia hilo?"

Nikasema hapana. Nikashika upande wa pili wa shuka. Tumeanika nguo zote zilizobaki.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeamua. Narekebisha majawabu kimyakimya. Naacha swali lilivyo, natafuta jawabu linalotoa sufuri, naliandika hilo. Kuna mengine nimekaa nayo saa nzima. Lakini naweza! Sikujua kwamba naweza.

Nani ataumia? Wanafunzi watapata majawabu sahihi. Yeye hatajua. Kitabu kitakuwa na jina lake.

Mbona basi nafunika skrini wifi akipita, kama mwizi.

Jumamosi, 29 Machi

Amejua.

Wifi ndiye aliyemsogeza. Alitaka jua la dirishani, na dirisha liko mezani pangu. Mimi nilikuwa nimekwenda kunawa uso. Nimerudi namkuta amekaa mbele ya skrini, daftari la nne liko wazi pembeni, ukurasa wa kwanza wa sura ya tisa. Jicho kwenye skrini. Jicho kwenye daftari. Skrini.

Kwenye skrini: mbili, au nne. Kwenye daftari: hasi mbili, au hasi nne.

"Na-ni?" akasema.

Ningeweza kusema kompyuta. Imeshafanya mabaya mangapi, lingeongezeka hilo moja.

"Ni mimi," nimesema. "Nimepima. Ulisema tupime."

Ameinua mkono wa kushoto akaweka kidole juu ya jawabu langu. Kidole kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, kinatetemeka. Mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Amejaribu mara tatu. Mishipa ya shingo imemsimama. Nikamwambia basi, Mwalimu, basi, tupumzike — akapiga meza! Kwa mkono ule ule. Kikombe kikaanguka.

Wifi kaingia. Kaangalia kikombe, kaniangalia mimi. "Wifi, mtamuua na hizo alama zenu."

Akamrudisha kitandani. Ameugeuzia uso ukuta.

Jumatatu, 31 Machi

Hakuna kusomeana. Saa tatu nilikaa na kompyuta kando ya kitanda. Saa nne nikaondoka. Hajanitazama.

Alichofanya ni kimoja tu: amemwonyesha wifi kwa kidole daftari la nne, kisha kifua chake mwenyewe. Wifi kalichukua mezani kwangu bila kuniomba, kampelekea. Na penseli. Amelilaza juu ya mapaja.

Anaangalia makosa yake. Mimi ndiye niliyemwonyesha yalipo.

Sura ya kumi imekatikia kwenye mfano wa tatu. Kuna kisanduku kimefunguliwa, kina vyumba vitupu vya nukta nukta, vinasubiri namba. Siwezi kukijaza na siwezi kukifuta.

Jumanne, 1 Aprili

Hajaliachia. Anakula nalo mapajani.

Jumatano, 2 Aprili

Mimi ni mjinga. Nimeandika, nikae nalo.

Leo wifi alikwenda kuchukua dawa za Mwalimu, nikaachiwa mimi kumlisha. Daftari lilikuwa limefunguka mapajani. Nilidhani atalifunga nikikaribia. Hakulifunga. Alilisukuma nilione.

Hakugusa majawabu. Hata moja! Amegusa maswali. Swali la kwanza, ile "toa 6x": kistari cha kutoa amekipitishia kijistari kimoja cha penseli, wima, kimepinda kama mguu wa kuku — mkono wa kushoto, wa mtu anayejifunza kuandika. Toa imekuwa jumlisha.

Nikapima pale pale kichwani, kijiko mkononi. Hasi mbili: nne, toa kumi na mbili, jumlisha nane.

Sufuri.

Majawabu yake yalikuwa sahihi. Maswali ndiyo aliyoyanakili vibaya. Ile Jumamosi kidole chake hakikuwa kinatetemeka, kilikuwa kinapanda kwenye swali. Swali! Ndilo neno lililokuwa limemkwama. Na mimi nimempigia kelele "basi, basi".

Nilichofanya kina sufuri vilevile. Hakuna mwanafunzi ambaye angejua. Lakini kila zoezi amelipanga, amelieleza kwenye maelezo ya mbele — hapa majawabu yawe hasi yote mawili, hapa moja liwe chanya — na mimi nimepita na ufagio wangu nimevuruga mpango wote.

"Nisamehe," nimemwambia.

Akafungua mdomo. Nikampa kijiko. Kumbe alitaka kusema. Akameza, akasema kwa taabu: "U-me... pi-ma." Umepima. Akalirudia neno, kama mtu anayeonja. Sijui ni swali, lawama, au ni nini. Nilishindwa kumtazama.

Amerekebisha sita kwa siku tatu. Nimekaa naye mpaka mchana, tukafika kumi. Moja hakulirekebisha, kalikata lote, mstari juu ya mstari, halimo tena. Kwa kila moja anafumba macho kwanza, muda mrefu, kama anatafuta kitu kwenye chumba chenye giza. Kisha kijistari. Kisha jasho.

Alhamisi, 3 Aprili

Kumi na tatu. Basi. Penseli imemwanguka mara nne. Wifi kasema imetosha, na safari hii nimekubaliana naye. Shavu la kulia limeshuka zaidi ya jana, au ni macho yangu.

Nimempigia mhariri kuomba wiki moja. Siku tatu. Kesho jioni badala ya asubuhi. Amesikitika kwa sauti nzuri. Kiwanda cha uchapaji kimeshapangwa, haliko mikononi mwake. Sura ya kumi, ataichukua hivyo hivyo na mifano miwili. Sura ya tisa ikiwa na matatizo, ataiondoa.

Aondoe sura ya tisa!

Kesho nakwenda mwenyewe. Siamini tena kutuma.

Ijumaa, 4 Aprili

Niko kwenye benchi, ukumbini nje ya ofisi ya mhariri. Naandika ili mikono isikae bure.

Alama zimefika. Hilo liandikwe! Tumefungua faili kwenye kompyuta yake, sura zote kumi, hakuna hata kimraba kimoja. Vipeuo vimekaa chini ya mapaa yao. Kanuni kubwa imejaa ukurasa. Mhariri amesema hajawahi kupokea kazi safi hivi kutoka kwa mtu wa nyumbani. Ningefurahi wiki tatu zilizopita.

Kisha akatoa karatasi. Kila kitabu cha hesabu lazima mtu aweke sahihi kwamba ameyapima maswali na majawabu yote. Kwa kawaida ni mwandishi.

"Mwandishi hawezi kushika kalamu," nimesema.

"Basi mtu anayejua hesabu. Mama umesoma hesabu mpaka wapi?"

Darasa la sita halikutoka mdomoni. Nimesema, naomba nitoke nipate hewa kidogo. Kanipa mpaka saa sita. Saa ya ukutani inasema sita kasoro dakika kumi na nane.

Maswali kumi na tatu ni ya Mwalimu, nimeshayaingiza. Kumi na nne yamebaki na majawabu yangu. Nikisaini, nimesaini mchanganyiko wa watu wawili. Nisiposaini, sura inaondoka.

Wifi amepiga simu.

"Anataka kukwambia kitu. Tangu asubuhi anang'ang'ana. Nampa."

Pumzi. Pumzi ndefu, ya kukwaruza. Nikaziba sikio la pili.

"Ku-mi... na nne," akasema. Kisha: "To-a."

"La kumi na nne? Nitoe? Mwalimu, niweke alama ya kutoa, au nilitoe swali lote?"

"To-a."

"Kidole juu, alama; chini, swali lote. Wifi! Ameinua kidole? Juu au chini?"

"Hajainua kitu," wifi kasema. "Amefumba macho. Wifi, sura yake siipendi. Ngoja nimweke vizuri, nitakupigia."

Akakata.

Toa. Juzi lile moja alilitoa lote. Lakini pia toa ni alama. Neno lile lile.

Nimegeuza karatasi ya mhariri upande wa nyuma. La kumi na nne: x ya kipeo cha pili, jumlisha 3x, toa 10, ni sawa na sufuri. Jawabu langu mimi: mbili, au hasi tano. Jawabu lake kwenye daftari, nalikumbuka: tano, au hasi mbili. Nikaweka alama ya kutoa mahali pa jumlisha. Tano: ishirini na tano, toa kumi na tano, toa kumi. Sufuri. Hasi mbili: nne, jumlisha sita, toa kumi.

Sufuri!

Ni alama. Alisema alama. Haliondoki.

Basi na mengine — majawabu yake ya zamani yako kichwani mwangu, niliyachapa na kuyapima kabla ya kuyafuta. Naweza kuyarudisha na kutafuta swali alilokusudia. Huenda yamo aliyokusudia kuyakata yote, kama lile la juzi, na hayo nitamuuliza nani. Kasoro kumi na moja.

La kumi na tano: jumlisha 5x, toa 6. Naigeuza jumlisha iwe toa. Jawabu lake, hasi moja au sita. Hasi moja: moja, jumlisha tano —

Simu inaita. Ni wifi.

Mlango umefunguliwa, mhariri anasema, "Mama?"

Moja, jumlisha tano, toa